Kadi ni ya kugusa, sasa PIN ni ya nini?

Mkate mmoja, maziwa pakiti mbili na kipande cha sabuni. Shilingi 235. Niko kwa supamaketi moja hapa Kitui mjini, Jumamosi jioni, nyuma yangu kuna foleni ya watu kama wanane, na mkononi nina kadi mpya ya benki yenye ile alama ya mawimbi manne yaliyolala ubavu. Hii kadi niliingojea wiki tatu. Siku ya kuichukua, dada wa benki aliniambia akitabasamu, "Hii ni ya kugusa tu. Unagusa, unaenda."

Nikagusa. Mashine ikalia tiii. Nikanyoosha mkono nichukue mkate wangu.

"Boss, weka PIN," keshia akasema.

Kwa bob 235. Haya, nikaweka. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukakataa. "Gusa tena." Nikagusa. "PIN tena." Mara ya tatu kidole kikateleza nikakosea nambari. Jamaa nyuma yangu mwenye mtungi wa mafuta akashusha pumzi, ile pumzi ya kukwambia wewe ni mshamba bila kukuita mshamba. Nikaona aibu. Nikarudisha kadi mfukoni, nikalipa na simu, ambayo pia, bila shaka, iliniuliza PIN.

Wiki iliyofuata nikaamua kuhesabu. Kutoka Jumatatu hadi Jumapili niliweka PIN mara 37, kadi na simu pamoja. Kiasi kikubwa zaidi kilikuwa 1,500. Kidogo kabisa kilikuwa 20 za bando. Na mimi si mtu wa pesa. Natengeneza video, kuna mwezi unaingia vizuri na kuna mwezi nakula isyo mpaka mahindi yanianze kunifahamu kwa jina.

Najua mnachotaka kusema. Ati huku ni kulia kwa mtu aliyezoea raha, nambari nne tu, sekunde tano, shida iko wapi? Hebu nipe dakika chache. Nilianza kuandika kuhusu foleni, lakini kilichoniudhi kweli ni swali lingine: pesa zikipotea, nani anabeba hasara?

Kwanza tuelewane vile hii kitu inafanya kazi, kwa sababu wengi tunaitumia kama uchawi.

Kadi ya kugusa ina chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa ndani ya plastiki. Haina betri. Ukiisogeza karibu na mashine, sentimita chache tu, mashine ndiyo inaipa umeme, na chipu inatengeneza msimbo wa mara moja kwa malipo hayo pekee. Mtu akiunasa huo msimbo hewani leo, hawezi kuutumia kulipia kitu kingine kesho. Kwa hivyo kabla hata hujaulizwa PIN, kadi imeshajieleza kwamba ni ya kweli. Kazi ya PIN ni nyingine: inasema aliyeishika ni wewe.

Sasa, kwa nini wakati mwingine inapita bure na wakati mwingine inadai PIN? Kuna kikomo cha kiasi, ukipita unaulizwa. Kuna hesabu ya mara ngapi umegusa tangu uweke PIN mara ya mwisho. Na kuna vile benki au duka limepanga mashine yake. Ulaya hii hesabu haijafichwa. Kanuni iliyoanza Septemba 2019 inasema malipo ya kugusa hadi euro 50 yanaweza kupita bila PIN, lakini benki ikuulize tena ama baada ya malipo matano mfululizo, ama jumla ikifika euro 150. Uingereza walianza na kikomo cha pauni 10 mwaka 2007, wakapandisha polepole mpaka pauni 100 mwezi wa Oktoba 2021. Hata mtu anayeuza samaki sokoni anaweza kujua mashine itamuuliza lini na kwa nini.

Hapa nimeuliza keshia, akasema ni mashine. Nimeuliza benki yangu, wakasema ni duka. Nimerudi dukani, meneja akasema ni sistimu. Hii sistimu ningependa kukutana nayo siku moja tunywe chai.

Haya, tuje kwa usalama, kwa sababu ndilo neno linalotumiwa kutunyamazisha. "Unataka kuibiwa?"

Sitaki. Na niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini huo muda niliokaa nilisoma takwimu kiasi cha kujua hii hesabu. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Ukipewa nafasi tatu kabla kadi haijafungwa, mwizi anayebahatisha kwa upofu ana nafasi 3 kati ya 10,000. Hiyo ni nzuri sana. PIN ikiwa siri, ni ukuta.

Lakini nani anaibiwa kwa kubahatishwa? PIN zetu zinaonekana na zinasikika. Zinaonekana kwa bega la kulia pale kwa foleni. Zinasikika kwa ejenti. Zinaombwa kwa simu na wale jamaa wanaojifanya huduma kwa wateja. Na kila mara unapoombwa PIN mbele ya watu, ule ukuta unatoboka kidogo. Ukiniuliza mara moja kwa wiki nikinunua kitu cha maana, nitaficha mkono, nitaangalia nyuma, nitakuwa makini. Ukiniuliza mara 37, nitabonyeza huku nikiongea na rafiki yangu kuhusu mechi ya jana. Umenizoesha kufungua mlango bila kuangalia ni nani anabisha. Halafu siku tapeli akipiga simu na kusema "weka PIN kuthibitisha", kidole changu kimeshazoea kutii.

Sasa niwaambie kuhusu Susu.

Nyanya yangu anaishi upande wa Kibwezi, kule Makueni. Kutoka hapa Kitui unateremka na barabara ya Mutomo, lami siku hizi ipo, si kama zamani ulipofika ukiwa na rangi ya udongo. Ana miaka 76, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na analima ndengu kuliko vijana wa kijiji kizima. Miaka michache iliyopita dalali wa ndengu alisema hawezi tena kulipa kwa mkono, kila mtu alete nambari ya akaunti. Tukamfungulia akaunti. Akapewa kadi. Ya kugusa pia, mawimbi manne, maridadi sana.

Kadi ya Susu inakaa wapi? Kwa droo ya ejenti pale sokoni. Si yeye peke yake. Nimeiona ile droo kwa macho yangu: kadi za wazee zimefungwa na mpira kama karata. Wanasema nyumbani zitapotea, au wajukuu watazichezea. Na PIN? Susu hawezi kuona vitufe. Ile mashine mpya ya ejenti haina hata vitufe, ni kioo kitupu kama cha simu, na nambari zimechorwa tu hapo. Kwa hivyo Susu anaitamka. Kwa Kikamba, kwa sauti, kwa sababu ejenti ana redio na redio iko juu. Ni mwaka aliozaliwa baba yangu. Foleni nzima inajua baba yangu ana miaka mingapi.

Usicheke. Au cheka, halafu jiulize bibi yako mwenyewe anafanyaje.

Mwezi wa pili mwaka jana, baada ya mavuno, dalali aliweka pesa ya ndengu. Wiki moja baadaye nikampeleka Susu kliniki ya macho. Tulishinda huko kutwa, tukila ndizi kwa benchi tukingoja jina liitwe. Siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, mtu alitoa 6,000 kwa mashine ya benki mji mwingine. Dakika mbili baadaye, 6,000 tena. Pesa ya msimu mzima wa mvua.

Tulienda tawi. Nikabeba kadi ya kliniki yenye tarehe na mhuri. Kijana wa benki alikuwa mpole, siwezi kumsema vibaya. Aliangalia kompyuta, akageuka, akasema, "PIN ilikuwa sahihi. Iliwekwa mara moja, haikukosewa. Kwa hivyo kwetu sisi inaonekana ni mwenye akaunti, au mtu aliyempa."

Nikamwonyesha karatasi ya kliniki. Akasema, "Naelewa. Lakini PIN ilikuwa sahihi."

Susu hakuwa amesikia vizuri. Akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akakaa kimya, akakunja leso yake mara mbili, akaniuliza, "Kwa hivyo kosa ni langu, mwana wakwa?"

Na hapo ndipo nilielewa PIN ni ya nini.

Malipo yasiyo na PIN yakiibiwa, mteja anaweza kusema "si mimi", na benki haina kitu cha kumwonyesha. Ikibidi, hasara ni yao. Malipo yenye PIN yakiibiwa, benki ina jibu la maneno matatu: PIN ilikuwa sahihi. Wewe unadhani unabonyeza nambari nne kujilinda. Ukweli ni kwamba kila ukibonyeza unatia sahihi karatasi inayosema, "Likitokea lolote, niulizwe mimi." Bob 235, sahihi. Bando la 20, sahihi. Sahihi 37 kwa wiki, na hakuna aliyekusomea karatasi yenyewe.

Niwe muungwana nikubali upande wa pili. Masharti ya akaunti yanasema usimpe mtu PIN, na Susu aliitoa. Ukisoma masharti kama wakili, kesi imeisha. Lakini masharti hayohayo yanamtaka mtu asiyeona abonyeze nambari ambazo hazina hata alama ya kupapasa, mbele ya watu, kila akitaka pesa yake mwenyewe. Ukimpa mtu sharti lisilotimizika, halafu ukamhukumu kwa kutolitimiza, huo si ulinzi. Huo ni mtego wenye karatasi nzuri.

Na si lazima iwe hivi. Ulaya, katika sheria yao ya huduma za malipo, imeandikwa kwamba rekodi ya kadi kutumika peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mwenyewe ndiye aliyeidhinisha. Benki inabidi ilete ushahidi zaidi. Na kadi yako ikiibiwa ikatumika, hasara yako kwa kawaida haipiti euro 50, isipokuwa wewe ndiwe tapeli au ulizembea kupita kiasi. Wazungu si malaika. Wameandika tu ni nani anayebeba mzigo, na mwenye misuli amepewa sehemu kubwa.

Sisi pia tunayo mahali pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nayo, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mashine ya kioo ambayo mzee haoni ni kasoro. "Ni sistimu" si habari.

Mnajua tarakimu nne zilitoka wapi? John Shepherd-Barron, Mwingereza aliyekuwa nyuma ya mashine ya kutolea pesa iliyofunguliwa Enfield, London, mwezi wa Juni 1967, alisimulia kwamba yeye alitaka tarakimu sita, kama nambari yake ya jeshini. Akamuuliza mkewe jikoni. Mkewe akasema anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. Yaani mwanamke mmoja mezani kwake Uingereza aliulizwa, "Wewe utaweza?" na dunia nzima ikafuata jibu lake. Sasa mimi nauliza: lini mtu aliketi na mama wa Kibwezi, au Mutomo, au Kathonzweni, akamuuliza, "Wewe utaweza?"

Tusipoulizwa, huwa tunakataa kimyakimya. Mnakumbuka kadi za matatu? Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kugusa ya kulipia nauli. Serikali nayo ikaagiza nauli yote ilipwe bila pesa taslimu kuanzia Julai 2014, tarehe ikasogezwa hadi Desemba, na leo makanga bado anakunja noti kati ya vidole. BebaPay yenyewe ilifungwa 2015. Mwenye gari, dereva na makanga walitaka pesa mkononi jioni ileile, na hakuna aliyetengeneza kadi akiwaza jioni yao.

Tofauti ni kwamba makanga aliweza kukataa. Susu hawezi. Dalali hataki kulipa kwa mkono, duka linataka simu, na mzee anayetegemea zile 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi haendi kuzichukua kwa kikapu. Pale Makindu, kwa hekalu la Wasikh, bado unaingia, unanawa mikono, unakula chapati na dengu ushibe, na hakuna anayekuuliza nambari yoyote. Lakini huwezi kuishi Makindu hekaluni maisha yako yote.

Kwa hivyo sisemi PIN iondolewe. Nataka vitu vinne, na sidhani kuna hata kimoja cha kuvunja benki.

Moja, niachieni mimi nichague kikomo changu. Nikisema chini ya 500 nisiulizwe, na kwa siku isipite 1,500, basi iwe hivyo. Mwizi akiokota kadi yangu atanunua soda na mkate, tutagawana hasara, maisha yaendelee. PIN yangu itakuwa imepumzika, na siku nikiiweka nitaficha mkono.

Mbili, mkiniuliza PIN, mniambie kwa nini. Mstari mmoja kwa risiti: umepita kikomo, au umegusa mara tano. Si siri ya jeshi.

Tatu, kila ejenti awe na mashine yenye vitufe vya kubonyeza, na ile nukta ndogo iliyoinuka juu ya tano, ili asiyeona aanzie hapo kuhesabu.

Nne, na hii ndiyo kubwa: "PIN ilikuwa sahihi" liwe jibu la kwanza, lisiwe la mwisho. Kuna kamera pale kwa mashine ya pesa. Kuna saa. Kuna mama ambaye hajawahi kutoa pesa nje ya soko lake, ghafla ametoa mara mbili ndani ya dakika mbili mji mwingine. Angalieni hayo kabla hamjamwambia ni yeye.

Tuliandika barua ya malalamiko, nakala mbili, moja ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Hilo fanyeni na nyinyi, msiishie kulalamika kwa kaunta, kwa sababu maneno ya kaunta hayana tarehe. Tuliomba picha za kamera za siku ile. Mpaka leo naandika hivi, hatujapewa pesa wala picha. Naenda kila mwisho wa mwezi. Mlinzi wa mlangoni ananijua.

Kadi ya Susu tuliitoa kwa ile droo. Tukabadilisha PIN, si mwaka wa baba tena, na hata mimi siijui. Pesa ya ndengu sasa inaingia kwa simu yake, kabambe ya vitufe, yenye nukta juu ya tano. Nilikaa naye jioni tatu chini ya mwembe. Kidole gumba kwa nukta, juu ni mbili, chini ni nane, kushoto nne, kulia sita. Alikuwa anakosea, anacheka, anaanza upya.

Mwezi uliopita nilimsindikiza sokoni. Ejenti akamwambia, kwa upole tu, "Susu, nitajie nikubonyezee, watu wanangoja." Susu akageuka akampa mgongo, akainamia simu yake kifuani, akaanza kupapasa. Ilichukua kama dakika mbili. Nyuma yetu mtu akashusha pumzi, ileile ya Kitui.

Mimi nilikuwa tayari kuomba msamaha. Susu, bila kuinua kichwa, akasema, "Wacha wangoje."